Bibi Aliyeongea na Mumewe kwa Midomo Yetu

Kwa miaka yote niliyomfahamu, bibi jirani yetu wa Nsemulwa, mjini Mpanda, hakumwambia mumewe neno hata moja. Walikula chungu kimoja, walikwenda kanisani kwa njia moja, na walilala chumba kimoja. Hilo la mwisho sikuhitaji kumuuliza mtu. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili, na kimoja kilijaa magunia ya karanga mpaka mlango haukufunguka wote.

Alipotaka kumwambia kitu, alimwita mtoto yeyote aliyekuwa karibu. "Mwambie babu yako chakula kiko tayari." Babu alikuwa amekaa pale pale barazani, amesikia kila kitu, lakini hakuinuka. Alingoja mtoto amfikie, aseme, ndipo ajibu kwamba mwambie bibi yako nakuja. Mtoto akarudi na jibu ambalo bibi naye alikwisha kulisikia. Sisi watoto wa mtaa ule tulikua tukidhani ndivyo ndoa ilivyo. Rafiki yangu Neema aliwahi kumuuliza mama yake kwa nini anamsemesha baba moja kwa moja, kama mtu asiye na adabu.

Mtaani tulimwita Bibi, basi. Walikuwepo mabibi wengine, lakini hao waliitwa kwa majina ya watoto wao. Ukisema "nimetumwa kwa Bibi" kila mtu alijua ni nyumba ile yenye uzio wa mabati yaliyochoka, jirani na kwetu, yenye mlango mmoja wa kuingilia na kutokea. Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana, na macho ambayo hayakukutazama ulipokuwa unaongea. Mwanzoni nilidhani ni dharau. Baadaye nilielewa kuwa ndivyo alivyomsaidia mtu aseme.

Kazi yake ilikuwa kumenya karanga. Wafanyabiashara wa sokoni Kashaulili walimletea magunia ya karanga zenye maganda, naye akawarudishia zilizomenywa na kupetwa. Alikuwa na mkeka mmoja mkubwa barazani, rundo la karanga katikati na ungo pembeni. Ukitaka kuongea naye ulikaa kwenye mkeka na kushika karanga. Hakukuwa na njia nyingine. Mwalimu wa sekondari alikuja siku moja na suruali iliyonyooshwa, akasema yeye atasimama tu, ni jambo la dakika. Bibi akamwambia asimame basi, na akaendelea kumenya kana kwamba hapo mbele yake pamepandwa nguzo. Mwishowe mwalimu alikaa.

"Mikono mitupu, maneno matupu," ndivyo alivyosema.

Vijana walimwendea sana, kuliko walivyowaendea wazee wa kanisa au wazazi wao. Walikuja waliofeli mtihani, waliopata mimba, waliotaka kwenda Dar bila kujua wanakwenda kwa nani. Alikuwa na desturi ya kutokujibu mpaka ungo ujae. Ulisema shida yako, yeye akanyamaza, mkaendelea kumenya wote wawili, na katika kungoja huko mara nyingi mtu aliisema shida yake upya, mara hii kwa ukweli zaidi. Kijana mmoja wa bodaboda mwenye haraka alijaza maganda chini ya ungo akatandaza karanga kidogo juu. Bibi aliupindua ungo kwa kiganja kimoja. "Umenijazia maganda," akasema, "na mimi nikujibu maganda?"

Kijana huyo huyo alikuwa na ugomvi na kaka yake aliyempokea mjini. Alitaka kuhama. Mazungumzo yao nayakumbuka kwa sababu nilikuwa upande wa pili wa mkeka na nilijizuia kucheka.

"Umemwambia kaka yako unachokasirikia?"

"Hapana, lakini anajua."

"Anajuaje?"

"Anajua tu, Bibi. Ananiona nimenuna."

"Kununa ni lugha ya wapi? Mimi nimezaliwa na Wafipa nikaolewa na Wakonongo, wote hawaizungumzi."

Hilo ndilo lilikuwa somo lake kwa karibu kila aliyekuja: nenda ukaseme. Wachumba waliogombana aliwarudisha wakaseme. Mama mkwe na mkaza mwana aliwakalisha mkeka mmoja, akawapa gunia zima, akaingia ndani. Watu walitoka hadi ng'ambo ya reli kuja kupatanishwa na mwanamke ambaye hakuwa anasemeshana na mume wake. Mama yangu, ambaye hakuwa mtu wa kusema watu, alisema mara moja tu kwamba hajawahi kuona kinyozi mwenye nywele ndefu namna ile.

Mimi na Neema ndio tuliotumwa zaidi, kwa kuwa nyumba zetu zilipakana na ya kwao. Kubeba maneno ilikuwa kazi yenye sheria. Usiongeze, usipunguze, na usibadili sauti. Kama Bibi amesema kwa ukali, na wewe useme kwa ukali, hata kama unamwogopa Babu. "Ukitumwa uji usionje njiani," alituambia. Alikuwa anatusikiliza tukisema, kwa hiyo udanganyifu ulikuwa mgumu. Lakini Neema alijaribu. Siku moja Babu alivaa shati la kijani kwenda kikao cha ukoo, na Bibi alimtuma Neema akamwambie shati lina kifungo kimepungua. Babu alikuwa amekwisha kufika njiani, mbali na masikio ya Bibi. Neema akamkimbilia na kumwambia kwamba Bibi anasema umependeza.

Babu alilivaa shati lile wiki nzima. Alilivaa kuchota maji, alilivaa kutengeneza baiskeli, na kifungo hakikuwepo. Bibi alituita wote wawili akauliza nini kilisemwa. Neema akakiri. Tulingoja fimbo. Bibi alimenya karanga kama tano sita, kisha akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Alisemaje?"

Neema akasema Babu hakusema kitu, alicheka tu na kushika kola.

"Basi," akasema Bibi. "Msirudie." Jioni ile aliomba shati liletwe, akashona kifungo.

Tulipokua kidogo, Neema alimletea Bibi hila nyingine aliyoiona kwa shangazi yake: wanawake wengine wakinuniana na waume zao huongea na kuku, mume akasikia. Kuku wewe, wali unapoa. Bibi alifikiria hilo kwa uzito, karibu ungo mzima. Kisha akasema kuku hatadanganyika na yeye hatadanganyika, sasa atakayedanganywa ni nani.

Sababu ya kutosemeshana nilielezwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na nimezilinganisha habari hizo mara nyingi. Hazipingani hata mahali pamoja. Hilo ndilo linalonisumbua.

Ya Bibi ni hii. Zamani waliishi Sibwesa, wakilima. Mama yake mzazi alifariki huko Ufipa, naye akaenda kuzika na kukaa matanga. Aliporudi, gari lilimshusha njia panda akiwa na furushi kichwani, akakata njia ya shamba kufika nyumbani. Alikuta kuta. Mabati hayakuwepo, mlango haukuwepo, kuku hawakuwepo. Mafiga yalikuwa bado yapo jikoni, ila baridi. Alifikiria moto, kisha akafikiria msiba mwingine. Mwanamke wa jirani alimwona amesimama, akaja akifuta mikono, akamuuliza kwa mshangao, "Nyie si mmehamia mjini?"

Alipanda gari la asubuhi hadi Mpanda akiwa bado na nguo za msiba. Hakujua mtaa. Alizunguka Nsemulwa akisimamisha watu. "Niliuliza watu ninakoishi," aliniambia, na hapo ndipo pekee katika habari ile nzima mikono yake iliacha kumenya.

Ya Babu niliipata nikimshikia tairi la baiskeli alipokuwa anaziba pancha. Lori lililopeleka mbolea ya tumbaku lilikuwa linarudi mjini tupu, na dereva wake alikuwa rafiki. Alisema ni leo au basi. Simu hazikuwepo. Barua ingefika wakati mkewe amekwisha kurudi. Kwa miaka mingi mkewe alikuwa akisema anataka kuishi mjini karibu na hospitali, kwa sababu walizika mtoto aliyefia njiani wakimkimbiza. Kiwanja alikwisha kupata. Basi akaezua mabati, akapakia. Walipofika, kitu cha kwanza alichokifanya ni kufunga kamba chumbani na kutundika khanga za mkewe, ili akifika azione na ajue ni kwake.

"Nilijua atafurahi," alisema. Kisha akaniomba gundi.

Nilimpelekea Bibi habari ya khanga, ingawa sikutumwa. Aliijua. "Ndiyo, mjini nilikuwa nataka," akasema. "Nilitaka niulizwe."

Mpaka hapo ni ugomvi kama ugomvi mwingine, na ungeisha kama mwingine. Kilichoufunga ni jambo dogo lililotokea jikoni siku ile ile aliyofika. Wifi yake, dada mkubwa wa Babu, alikuwa amekuja kusaidia kuhama, na alikuwa anapanga vyombo. Bibi aliinama kwenye mafiga mapya yaliyokuwa yanacheza. Mkono wake ukiwa juu ya figa moja, alisema: aliyehamisha nyumba yangu bila kusema nami, sitasema naye tena.

Katika ukoo wa mumewe, neno lililosemwa na mwanamke aliyeshika figa, mbele ya mwanamke mkubwa wa nyumba ile, si neno la hasira. Ni kiapo. Wifi hakujibu, alisogeza chungu tu, na kunyamaza kule ndiko kupokea. Angekuwa ameyasema maneno yale yale ameketi kwenye kiti, au ameshika mwiko, yangepita na upepo. Nilimuuliza Bibi kama alilishika figa ili aape au alikuwa analiweka sawa. Alisema amejiuliza hilo kila anapowasha moto. Hajui.

Kiapo cha namna hiyo kina mambo mawili. La kwanza, hakifutwi na aliyekitoa. Hufutwa na aliyekipokea. Unamwendea, unamwomba maji kwa mdomo wako mwenyewe, anakupa, unasukutua na kutema chini, mambo yamekwisha. La pili ni kwamba ukikivunja bila maji, madhara hayakuangukii wewe uliyesema. Yanamwangukia uliyemsemesha.

Kesho yake asubuhi wifi, kabla ya kurudi Sibwesa, alimwambia: ukichoka, njoo uniombe maji.

"Nilichoka mapema," Bibi aliniambia. "Nikaona aibu kuchoka mapema."

Kwa hiyo alingoja ipite muda wa kutosha ili asionekane kuwa hasira yake ilikuwa ya bure. Wifi naye alikuja mara kwa mara, akakaa kwenye mkeka, akamenya karanga, akangoja aombwe. Mmoja alidhani ni juu ya mwenzake kuanza, na mwenzake alidhani hivyo hivyo, na wote wawili walikuwa watu wa kucheka pamoja na kupendana. Walizoea. Watoto walikuwepo wa kubeba maneno. Kisha mvua za mwaka mmoja wifi akaugua huko Sibwesa. Bibi alifungasha akaondoka siku aliyopata habari, na barabara ikawa imekatika mtoni. Alipovuka na kufika, udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi.

Hakukaa kimya baada ya hapo. Alitafuta mlango kila upande. Alikwenda kwa mchungaji, naye akamwombea na kumwambia kwamba kwa jina la Mungu yuko huru. Alimshukuru. Alirudi nyumbani, akamkuta mumewe amekaa barazani anachokora redio, akafungua mdomo amwite. Akamtazama alivyokonda shingo. Akaufunga. "Mungu amenisamehe, hilo sina shaka," alisema. "Lakini siku ile mbele yangu alikuwa amesimama wifi."

Alikwenda pia kwa wazee wa ukoo wa mumewe. Walikaa, wakazungumza, wakakubaliana kwamba aliyepokea akifa, maji yanaweza kutolewa na mtu wa tumbo moja naye. Wakahesabu waliozaliwa tumbo lile. Wengine wote walikwisha kufariki. Aliyebaki alikuwa mmoja, naye ndiye mume. Maji yake yangefaa kabisa, ila yanaombwa kwa mdomo, kwa sauti, na anayeyataka. Hayaombwi kwa kutuma mtoto, wala kwa ishara. Wazee walipoona walichokisema walitazamana. Mmoja alicheka, kisha akaomba radhi.

Tangu siku ile Babu alianza kumwekea Bibi kikombe cha maji jioni, kando ya ungo wake. Hakusema kitu, alikiweka na kwenda zake. Bibi aliyanywa. Nilimuuliza kama hayakusaidia. Akasema maji ambayo hayakuombwa ni ya kunywa tu.

Mtu atauliza, kama nilivyouliza mimi, kwa nini Babu asiendelee kumsemesha. Yeye hakuapa. Ni kweli, na kwa muda mrefu mwanzoni alimsemesha, naye akajibiwa kupitia watoto. Polepole akaacha. Aliniambia kuongea na mtu asiyeruhusiwa kukujibu ni kumtesa, ni kama kumwonyesha aliyefungwa kamba mahali pa kukimbilia. Kwa hiyo naye akaingia katika kamba ile ile kwa hiari yake, ili walau wawe sawa.

Nilipomaliza kidato cha sita nilirudi likizo nikiwa na hoja nyingi. Nilikaa kwenye mkeka na kumweleza Bibi kwamba maneno hayaui watu, kwamba kinachoua ni maradhi na ajali, na kwamba angemsemesha Babu leo, kesho Babu angeamka kama kawaida. Alinisikiliza mpaka ungo ukajaa.

"Inawezekana ni hivyo, mjukuu wangu," akasema. "Lakini angalia. Wewe ukikosea, utakuwa umekosea mabishano. Mimi nikikosea, nitakuwa mjane."

Jambo nililoliona siku hiyo ni kwamba hasira ilikwisha kuondoka katika nyumba ile muda mrefu, labda kabla sijazaliwa. Kilichobaki kilikuwa ni kumlinda. Kila siku ambayo hakumsemesha ilikuwa siku aliyomwacha hai. Namna yake ya kumpenda na namna yake ya kumwadhibu zilikuwa kitu kimoja, na hakuweza kuacha moja akabaki na nyingine.

Ndiyo maana alimfanyia Neema alichomfanyia. Neema alipata mchumba, kijana wa Kisukuma ambaye familia yake ilihamia huku na ng'ombe, watu wa kazi na wakarimu. Mama yake Neema hakutaka. Alisema hao watu leo wapo, kesho wamefuata malisho, na binti yake ataishi wapi. Yakasemwa mengine mabaya zaidi. Neema aliingia kwa Bibi akiwa anahema, hakukaa, akainama akiegemeza mkono kwenye jiko la mkaa lililokuwa barazani halijawashwa, akaanza: "Mama yangu mimi, kuanzia leo sita—"

Sijawahi kumwona mzee akiinuka kwa kasi ile. Bibi aliteka karanga kiganja kizima akamjaza mdomoni, na kwa mkono wa pili akamwondoa pale kwenye jiko kama unavyomvuta mtoto barabarani. "Tafuna," akamwambia. "Tafuna kwanza. Zote."

Neema alitafuna huku machozi yanamtoka. Bibi alimkalisha mkekani na kumshika vidole vyote viwili viwili, kana kwamba anahakikisha havijashika kitu. Kisha akaongea, na hakungoja ungo.

"Sema umekasirika. Sema anakuonea. Sema hata humpendi, atakusamehe, ni mama. Lakini hilo neno la mwisho usilitoe mdomoni. Ukilitoa huwezi kulifuata ulirudishe. Linakwenda kukaa kwa mtu mwingine, na huyo mtu anaweza kufa nalo."

Neema alikwenda nyumbani akamwambia mama yake yote aliyokuwa nayo, na mama yake akamjibu yote aliyokuwa nayo, kwa sauti ambazo ziliwatoa majirani nje na vikombe vyao vya chai. Ilichukua jioni nzima. Sasa Neema anaishi na wakwe zake upande wa Sibwesa, na mama yake humwendea kila akijifungua, na wanagombana kila akimwendea.

Mimi nilipata kazi na chumba Kashaulili. Si mbali, lakini mtu akihama mtaa hujikuta anapita kwa wazee wake siku za Jumapili tu. Nikaona watoto wa pale wanapungua. Waliozaliwa baada yetu wana simu, hawashindi nje, na uzio wa nyumba nyingi umekuwa wa matofali. Kuna siku nilifika nikakuta chakula kimepoa mezani kwa sababu hakupita mtoto wa kumwambia Babu kwamba kiko tayari. Alikuwa chumbani, Bibi barazani, kati yao pazia. Wote walikuwa wanajua chakula kiko tayari. Nilipotumwa nilisema maneno yale yale ya utotoni, na nilisikia sauti yangu ikitoka ya mtoto.

Mvua za mwaka huu zilipoanza, Babu alianza kukohoa na kuvimba miguu. Jumamosi moja mama yangu alinipigia nije, na nikakuta hali imebadilika: anapumua kwa shida, midomo imekauka, macho yako wazi ila yanatazama mbali. Mvua ilikuwa inanyesha. Niliita bajaji. Dereva aliingia nayo mpaka mlangoni, na mimi na yeye tukambeba Babu hadi kiti cha nyuma. Hakuweza kukaa. Ilibidi alazwe upande na miguu ikunjwe, na Bibi aingie kwanza, akae pembeni kabisa, ili kichwa kilale mapajani mwake. Baada ya hapo hapakubaki nafasi ya mtu wa tatu.

Nilisema nitabanana mbele na dereva. Dereva akasema haiwezekani, barabara ni matope. Nilisema basi nitachukua bodaboda niwafuate karibu karibu. Bibi alikuwa anamfunika Babu kifua kwa khanga. Alisema bila kunitazama, "Baki. Anua karanga, zitaota na mvua hii."

Nilimuuliza ni nani atakayesema humo njiani.

Alishusha turubai la upande wake, dereva akashusha la upande wa pili, wakaondoka. Nilisimama mvuani nikifikiria kwamba katika maisha yangu yote sikuwahi kuwaona wawili wale mahali ambapo hapakuwa na mtoto wa kumtuma, kuta mbili za turubai, hakuna pa kutokea, na njia ya mashimo mpaka hospitali.

Nilianua karanga. Kesho yake niliwafuata wodini saa ya kuona wagonjwa. Babu alikuwa amewekewa dripu na alikuwa anapumua vizuri kidogo. Bibi alikuwa kwenye kiti, miguu haigusi chini. Nilipoingia tu, akaniambia nimuulize babu yangu kama alilala vizuri. Nikamuuliza. Babu akaniambia nimwambie bibi yangu kwamba alilala, ila mto ni mgumu. Nikamwambia. Nilitafuta katika nyuso zao kitu kipya na sikukiona, au nilikiona kila mahali, kama mtu anavyoona anachokitafuta. Sikuthubutu kuuliza.

Wamekaa huko wiki ya pili sasa. Daktari anasema moyo umechoka, na kwamba siku nyingine ataamka na nguvu, siku nyingine hapana. Jana aliamka bila nguvu.

Wakati natoka jana nilimkuta yule dereva wa bajaji getini anangoja abiria. Nilimuuliza kama siku ile njiani alisikia watu wakiongea nyuma. Akafikiri. Akasema injini inapiga kelele na mvua ilikuwa inagonga turubai, lakini kabla ya kufika kuna mtu aliomba maji. Chupa yake ilikuwa pale mbele, akaipitisha nyuma bila kugeuka. Ilirudi tupu.

"Aliyeomba ni nani?"

"Dada, sauti ya mzee ni sauti ya mzee. Sikugeuka."

Nilimuuliza kama aliposhusha abiria wake aliona sakafu ya nyuma imelowa, kama mtu aliyesukutua na kutema. Akacheka, akaniuliza kama nimesahau siku ile ilivyokuwa. Mvua ilikuwa inaingia pande zote, akasema. Bajaji nzima ilikuwa imelowa.